Kuidai Sauti ya Viazi Tunduma

Nilitoka kijijini kwetu Ibaba kwa sababu simu yetu ilikuwa imekuwa bubu. Huku milimani viazi huchukuliwa na malori, na ipo programu ya simu ya bure inayotangaza lori lipi linapanda, siku gani. Ni programu huria: walioiunda wameiacha wazi, fundi yeyote anaweza kuifungua na kuirekebisha. Ilikuwa inatangaza kwa sauti. Tunaweka simu moja juu ya kigoda uwanjani, wakulima wote tunasikiliza, maana wengi wetu hatujui kusoma. Basi wakaleta toleo jipya la maandishi matupu. Lori likapanda, halikukuta mtu, likateremka tupu. Viazi vyangu vikaanza kugeuka kijani. Lingine lilikuwa linapanda Jumamosi. Hilo likinipita, nalisha nguruwe. Nimeishia darasa la pili na shamba langu linawashinda waliomaliza shule. Nishindwe na herufi?

Alhamisi alfajiri nilipanda pikipiki kuelekea Itumba. Mke wangu aliniasa, "Usiwatukane, baba. Wanatusaidia bure."

"Bure ndiyo inayoniozeshea viazi!"

Kutoka Itumba nikapanda basi dogo. Saa tano nilikuwa Tunduma. Malori ya kwenda Zambia yamejipanga hata mwisho huoni, nikacheka peke yangu: yote haya, na mimi nahangaikia moja!

Nyuma ya duka la simu nililoelekezwa na dereva wa lori niliwakuta mafundi wa programu: Ambakisye, mwenye duka, na Rehema, mwalimu wa hesabu aliyekuwa likizo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani kaninyamazishia simu?"

Ambakisye akasema taratibu, "Mzee, kero inaandikwa kwenye ukurasa wetu, tunaipangia zamu."

"Ningejua kuandika, ningekuja kudai sauti?"

Rehema alicheka mpaka akashika meza. Kisha akanieleza: sauti ile ya mashine ilikuwa ikiharibika kila simu mpya zinapotoka, na aliyekuwa akiitunza amehama. Wamebaki wawili, wanaitengeneza baada ya kazi zao, hawalipwi.

"Na hakuna aliyelalamika," Ambakisye akaongeza. "Tulijua kila mtu ana simu yake, anajisomea."

Nikawaeleza habari za kigoda. Nami ukali ulinipungua, maana kulima eka nyingi kwa mikono miwili nakujua.

"Kwani lazima iseme mashine?" nikauliza. "Maneno yenyewe ni lori, siku na majina ya vijiji. Mimi nayasema, ninyi yashoneni."

Tulifunga mlango, tukatundika blanketi dirishani kuzuia honi. Nilisema "Jumamosi" mpaka koo likakauka.

"Mzee, usifoke! Unatangaza lori, si vita."

"Ibaba kuna upepo, binti. Ukinong'ona unakula maneno."

Nililala kwa mpwa wangu. Ijumaa mchana wakaniwekea toleo jipya kwenye simu, nikapanda mlima usiku ukiingia, naimba kama bwana harusi.

Jumamosi asubuhi, uwanjani, kigoda kikanguruma kwa sauti yangu mwenyewe: "Lori! Linapanda! Jumamosi! Ibaba!" Wanawake wakapiga vigelegele. Mke wangu akashika kiuno: "Jamani, kufoka nyumbani hakukutosha?" Lori liliondoka limejaa, viazi vyangu vikiwa juu kabisa.

Nilichojifunza ni hiki: kitu cha bure kina mikono inayochoka, na ukikaa kimya fundi atadhani umeridhika. Juzi Ambakisye alinipigia. "Mzee, tunataka kubadilisha mwonekano wa programu. Unasemaje?"

"Hayo ni yenu, fundi," nikamjibu. "Mkitaka kugusa masikio, hapo niiteni."