Mjomba Aliyesema ya Angani

Mjomba wangu alikuwa fundi umeme katika kambi ya askari wa kizungu kule Moroni, wakati mamluki hao walipokuwa na sauti kuliko mawaziri. Siku moja alisema waziwazi sokoni Volo Volo kwamba serikali imeficha katika banda la kambi hiyo chombo cha angani, cha mviringo kama sahani, na wazungu wanakichunguza. Alifukuzwa kazi, akaja kukaa kwetu Mutsamudu. Vijana wa mtaa wetu wa Hombo wakambatiza Bwana Sahani. "Sahani imeruka, kikombe je?" walimwuliza njiani.

Mimi nilimwamini nusu tu, na sikuthubutu kumwambia. Lakini dada yangu alikuwa anaposwa, na kwetu mjomba ndiye humsemea binti mbele ya wakwe. Baba alitaka atafutwe mtu mwingine, akihofia wakwe watacheka na kuondoka. Dada akakataa. "Asiponisemea yeye, siolewi."

Wakwe walipokuja, mimi na dada tulijibanza nyuma ya pazia. Mzee wao hakungoja hata kahawa.

"Bwana, hicho chombo ulikiona kweli?"

"Nilikiona," mjomba akajibu. "Lakini leo nimeketi hapa kwa ajili ya mwanangu."

"Haya, ana kasoro gani?"

"Mkaidi. Na wali wake huungua."

Dada alinifinya mkono hadi nikauma mtandio nisipige kelele. Mzee akaangua kicheko.

"Mtu aliyeshindwa kuficha ya serikali hawezi kutuficha ya bibi harusi. Tumekubali. Leteni kahawa!"

Dada akanisukuma. Nikatoka na sinia, mimi mwenye haya kuliko wote, huku nikicheka.