Siku Tishari la Mawe Lilipozama

Siku yangu ya kwanza gatini, serahangi, yaani mkuu wa mabaharia, aliniuliza, "Wewe kabila gani?"

"Mkamba, mzee. Musyoka, wa Kitui."

Uongo. Mimi ni Mmbeere wa Gachoka, Embu. Lakini wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ya mkoloni, mtu wa Embu au Meru akipatikana bila pasi alipakiwa lori kama mbuzi hadi kizuizini. Kikamba nilikijua, maana majirani wale tunatenganishwa nao na mto Tana tu. Shule nilikaa madarasa mawili, na bado kazi ya maji niliishika kuliko waliozaliwa ziwani. Serahangi mwenyewe hakubisha.

Tishari ni chombo bapa cha chuma cha kubebea mizigo, halina injini. Linavutwa na meli ndogo, tagi, kwa kamba nene. Mimi nilikuwa mtu wa shoka: nasimama nyuma ya tagi, na tishari likizama nakata kamba lisituvute chini. Lile letu lilikuwa kuukuu. Lilibeba pamba, likabeba mahindi, mbavu zikawa viraka juu ya viraka. Sasa lilipeleka mawe ya kujengea kambi ya wafungwa kisiwani.

Wafungwa ndio walipakua. Siku moja nikamwona Njeru kati yao, rika langu, tuliyetahiriwa naye asubuhi moja. Akiniita kwa jina la kwetu, nimekwisha. Njeru alinitazama, akainama, akabeba jiwe lake. Kila safari ikawa hivyo. Mimi nami, kisiwa kikionekana tu, nageuza uso.

Halafu tukaagizwa kuhamisha mawe pamoja na wafungwa, wote juu ya tishari, hadi kisiwa cha pili. Askari mmoja Mkamba alipanda tagi, akasimama kando yangu. Katikati ya ziwa upepo ukaja, mawe yakateleza upande mmoja, viraka vikaachia. Wafungwa wakaruka na mbao mikononi. Njeru hakuruka. Alijifunga kamba kiunoni, akaifunga na kwenye chuma cha tishari. Kwetu mto ukifurika ndivyo tunavyovuka, kamba kiunoni na mwisho wake kwenye mti. Lakini mti hauzami.

"Kata!" serahangi akasema. "Kata, Musyoka, tunakwenda chini!"

Maji yalishafika miguuni mwetu. Kiswahili Njeru hakijui. Askari ananipumulia shingoni. Nikainua shoka, nikapaza sauti kwa Kimbeere, "Njeru, jifungue! Shika ubao, ruka!"

Akajifungua. Nikakata. Tishari likashuka likikoroma kama ng'ombe wa kuchinjwa.

Tulimvuta Njeru juu akitapika maji. Askari akanigeukia taratibu.

"Musyoka, hiyo ni Kitui gani mnaongea hivyo?"

Jioni nilikuwa nabeba mawe nyuma ya Njeru.

Emajensi ilipoisha nilirudi ziwani, nikapanda mpaka nikawa serahangi, mimi wa madarasa mawili. Sasa nimestaafu, nina duka hapa Gachoka, na Njeru huja kukaa barazani.

"Rika, ungenyamaza ungekuwa serahangi mapema," ananichokoza.

"Na wewe ungekuwa samaki."

Tana ikifurika, watu hujifunga kamba wakavuka. Sisi wawili tunakaa ng'ambo hii, tunangoja maji yapungue.