Picha Iliyochelewa

Kwa miaka thelathini na minne mzee huyu, anayeitwa Herufi mpaka leo, alipanga chapa katika kiwanda cha uchapaji: herufi moja moja za madini ya risasi, akizibana kwenye fremu zisitikisike. Hakuamini neno lisilobanwa. Na tangu mwezi uliopita hakumwamini mkwe wake, mke wa mwanawe.

Mke wa mzee alikuwa amepangiwa siku ya kupasuliwa mtoto wa jicho. Mkwe akaingia kwenye tovuti ya hospitali kuthibitisha, miadi ikafutika. Aliapa kwamba alibonyeza panapotakiwa. Mzee akamtazama kwa jicho la pembeni, maana nani asiyejua kuwa kumuuguza mama mkwe ni kazi? Tangu siku hiyo hata chai aliyoletewa aliinusa kwanza.

Leo ilipatikana nafasi nyingine, ya kuthibitishwa kabla ya saa sita.

"Nipe hiyo simu," alisema mzee. "Wewe kaa mlangoni, nikuone."

"Sawa, baba. Ila subiri ukurasa utulie. Maneno huja kwanza, picha hufuata, na kivinjari hupanga upya kila kinapopokea kipande."

"Kupanga unanifundisha mimi?"

Kweli maneno yalitangulia, meusi, yamejazana juu. Baadaye yakapata rangi na mistari. Vikatokea vitufe viwili, Futa juu, Thibitisha chini yake. Mzee akavisoma mara mbili, akamtupia mkwe jicho, akashusha kidole kuelekea Thibitisha.

Papo hapo picha ya jengo la hospitali ikaingia juu ya ukurasa, ikasukuma kila kitu chini. Kidole kilitua pale pale kilipokusudia. Ila sasa pale palikuwa na Futa.

Miadi yako imefutwa, simu ikaandika.

Alielewa upesi, na kuelewa kukamuuma. Kiwandani, picha ikichelewa, uliiachia nafasi yake kwa kipimo ndipo ukapanga maneno. Hawa waliotengeneza tovuti hawakuacha nafasi yoyote. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Mke wake, aliyekuwa amekaa kitandani, akageuza uso kuelekea mlangoni. "Vipi? Imefutika tena?"

Mkwe alimtazama mzee, akingoja asikie atasema nini.

"Nimefuta mimi," alisema mzee. "Na ile ya kwanza mkwe wetu hakukosea."

"Basi usiniambie mimi," mkewe akasema. "Mwambie yeye."

Mzee akamwendea mkwe mlangoni, akamrudishia simu kwa mikono miwili.