Mshumaa Mnene wa Bi Nagwa

Mtengenezaji ametamka, katika ukurasa wa kwanza wa kijitabu chake, kwamba printa hii haipokei wino usio wake, na kwamba atakayeitia wino wa mtaani ajihesabu ameiua.

Bi Nagwa, karani mstaafu wa posta mjini Mansoura, aliheshimu maandishi ya namna hiyo. Lakini jioni ile mjukuu wake wa kike alikuwa anatimiza siku ya saba, na vifuko vya karanga na peremende vya wageni vilitaka vikadi vyenye jina lake. Jina lenyewe, kwa desturi, lingetolewa na mishumaa: kila mmoja hupewa jina, na utakaochelewa kuzimika ndio unaomwita mtoto. Bi Nagwa hakuitilia shaka desturi. Alinunua tu mshumaa mmoja mnene kuliko wenzake, akaukusudia jina la marehemu mama yake, Dawlat. Kisha, kwa kuwa kazi haingoji, akaanza kuchapa vikadi asubuhi.

Siku ya kununua printa, Wagih mwenye duka alimshauri achukue ile ya matangi ya wino, ya bei kubwa.

“Hajja, hiyo ya bei rahisi ni kama bwana harusi mzuri wa sura. Gharama huanza baada ya ndoa.”

Alijibiwa kwamba Hajja aliwahi kuolewa, hafundishwi. Akachukua ya bei rahisi, kwa sababu ilienea juu ya cherehani.

Sasa ilikuwa imegoma katikati ya kazi. Wino wa waridi umekwisha, ilidai, na vikadi vyote viliandikwa kwa mweusi. Ni kama mpishi akatae kuchemsha maharage kwa kuwa sukari haipo. Wagih akamuuzia chupa ya wino wa mtaani na bomba la sindano. Bi Nagwa hakuwahi kudunga sindano. Nyumbani mjuzi wa sindano alikuwa mmoja tu, binti yake Radwa, muuguzi, mama wa mtoto, na ndiye hasa asiyetakiwa kuviona vikadi.

Bi Nagwa akavisukumiza chini ya mto wa kiti, akamwita.

Radwa akakidunga kikasha cha wino kwa utulivu, akakirudisha mahali pake. Printa ikakohoa, ikanguruma. Kisha, bila kuombwa na mtu, ikaendelea pale ilipokuwa imeachia. Dawlat. Dawlat. Dawlat.

Radwa akaokota kimoja.

“Mama, mishumaa hata kiberiti haijakiona.”

“Nilikuwa naujaribu wino.”

“Kabla haujatiwa?”

Bi Nagwa akatazama cherehani. Radwa alianza kucheka, akashika tumbo.

“Usinichekeshe, nina mshono.” Kisha akasema polepole, “Bibi ndiye aliyenilea, wewe ukiwa posta. Ungesema tu.”

“Na mumeo? Si anataka Talin?”

“Hatim niachie mimi.”

Jioni, Radwa mwenyewe ndiye aliyepanga mishumaa. Ule mnene akauweka katikati ya sinia. Wa Talin akauweka pembeni, upande wa dirisha, na dirisha akaliacha wazi, maana watu walikuwa wengi na joto ni joto. Hatim alikubali uamuzi wa desturi kiungwana.

Dawlat sasa yuko darasa la tatu. Kazi zake za shule, hata michoro ya maua ya waridi, huchapwa na printa ile ile, juu ya cherehani ile ile.