Selina na Mwenye Koki wa Jinja

Kila siku saa tatu asubuhi, na tena saa tisa alasiri, Selina hushuka ukingoni mwa ziwa, upande wa Busisi, kwenda kusoma ubao. Ubao wenyewe ni kipande kirefu cha bati jeupe chenye mistari na tarakimu nyeusi, kimefungwa kwenye nguzo ya zege iliyosimama majini. Watu wa ofisi ya maji mjini Mwanza ndio waliouweka, wapate kujua ziwa limepanda au limeshuka. Ukiiangalia kazi hiyo kwa haraka utaiona ya kitoto. Ukiifanya utajua kwamba maji hayatulii ili yasomwe. Selina husubiri wimbi lipande, akaishika namba yake kichwani. Husubiri lishuke, akaishika ya pili. Kisha huandika ya katikati. Siku nyingine husimama pale nusu saa nzima, sketi ameikunja magotini, macho yamemlegea, mpaka hajui tena kama linalopumua ni ziwa au ni yeye.

Kazi aliirithi kwa mumewe, Luhende, aliyefariki mwaka 2006. Mwaka ule ziwa lilikuwa limerudi nyuma vibaya. Wengine walisema ni ukame, wengine walisema ni kule Jinja, Uganda, ambako maji ya ziwa hutokea kwenda Mto Nile na kuzungusha mitambo ya umeme. Eti lango la bwawa lilikuwa limefunguliwa kupita kiasi. Luhende aliyapenda mno mabishano hayo. Alikuwa mtu mwembamba mwenye madaha yake, aliyevaa shati la mikono mirefu kwenda kusoma ubao, utadhani ziwa lingemsema kwa watu akienda na fulana. "Ziwa la zamani lilikuwa linajiendea tu," aliwaambia majirani. "Hili la leo lina koki, na koki iko Jinja. Likizidi wanafungua, likipungua wanafunga."

Alipoona ugonjwa umemshinda, aliomba azikwe chini kabisa ya shamba lao, penye jiwe, karibu na ubao wake. Wazee wawili watatu walinung'unika. Walisema mvua za mwaka wa uhuru zililipitisha ziwa mbali kuliko hapo. Luhende akacheka pale pale kitandani, akasema enzi hizo watu walikuwa hawajajua kuishika koki. Nani abishane na msoma ubao juu ya habari za maji? Wakamzika penye jiwe.

Selina akachukua daftari. Kila asubuhi aliandika namba, kisha akaituma kwa simu kwa Obedi, kijana wa ofisi ya maji. Kichwani mwake, hata hivyo, namba haikuishia kwa Obedi. Iliondoka Mwanza ikavuka maji, ikapita visiwa, hadi Jinja, ambako alikaa mtu mmoja. Miaka ilivyokwenda, Selina alimpa mtu huyo sura: mnene kidogo, kofia ameishusha machoni, kikombe cha chai pembeni, asiyependa haraka. Namba ikimfikia aliitikia kwa kichwa, akainuka, akaizungusha koki kidogo. Selina alizoea kuongea naye majini. "Leo kuna upepo, usiniamini sana," alimwambia. "Leo magoti yananiuma." Mimi simcheki. Miaka kumi na minane ya ujane ni mingi, na mtu anataka pa kupeleka habari zake za asubuhi.

Masika ya 2024 hayakuwa na mzaha. Ubao wa pili ulikuwa umeshaongezwa juu ya ule wa kwanza tangu mvua kubwa za miaka minne nyuma, na sasa huo nao ulikuwa unamezwa. Mafunjo yalizama, mahindi ya jirani yakasimama majini, na nguzo za daraja jipya kule mbele zilizidi kuonekana fupi kila wiki. Ndipo shemeji yake, Ndalahwa, mdogo wake Luhende, alipokuja na mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, ule wanaoutumia mafundi kusawazisha msingi wa nyumba. Ncha moja akaiweka ardhini penye kaburi la kaka yake, nyingine kwenye ubao. Maji ya mpirani yakatulia kwenye mita tatu na sentimita tisini. Siku hiyo ziwa lilikuwa tatu na sabini na mbili.

"Shemeji, tumhamishe," alisema Ndalahwa. "Zimebaki sentimita kumi na nane."

Ukoo ukakaa, kibali cha wilaya kikapatikana, Jumamosi ikapangwa. Selina aliitikia kila kitu, lakini moyoni hakutaka. Aliogopa. Kichwani mwake Luhende alikuwa bado mzima, amelala na shati lake la mikono mirefu limefungwa vifungo vyote. Alijua kaburi likifunguliwa ataona kitu kingine, na kitu hicho ndicho atakachobaki nacho maisha yake yote.

Jumatano asubuhi akasimama mbele ya ubao, akasoma tena 3.72, akaandika 3.92. Hakuwahi kudanganya hata sentimita moja tangu apokee daftari. Akamwambia mtu wake wa Jinja: sijawahi kukuomba kitu, fungua.

Alhamisi jua likawaka. Upepo ukageuka. Ubao ukasoma 3.71, alasiri 3.70, Ijumaa 3.68. Selina akapanda kilima hadi kwa Ndalahwa akihema, uso umemng'aa kama wa bibi harusi.

"Shemeji, wamefungua."

"Una hakika?"

"Nimesoma mwenyewe."

Ndalahwa hakuuliza zaidi. Wachimbaji wakaambiwa wasije, kibali kikarudi kwenye bahasha. Kwa zaidi ya wiki Selina aliishi kama mtu aliye usingizini na anayejua kwamba analala vizuri. Akiwa majini alihisi ziwa lote limeinama kuelekea kaskazini, kama beseni la mchele linapoinamishwa maji yamwagike, na maji yakimpita miguuni polepole, yakiwa na pa kwenda. Alipokaa penye jiwe jioni alimsimulia Luhende kwamba alisema kweli, koki ipo, na anayeishika ni mtu mwema. Na kila siku aliongeza sentimita zake ishirini, asije mtu mwema akadhani kazi imekwisha.

Kisha mvua zikarudi, huku na huko kote ziwani. Ubao ukasoma 3.75, kesho yake 3.79, halafu 3.83. Selina akaandika 4.03, akangoja. Ulipofika 3.86 Obedi alikuja mwenyewe kwa pikipiki, akavua viatu, akaingia majini kusoma. Akatoka. Akakaa kwenye jiwe kando ya Selina.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mama, Musoma wananipa namba, Bukoba wananipa namba. Zinakwenda pamoja. Ya kwako peke yake imesimama juu. Ziwa ni moja, mama. Haliwezi kuvimba Busisi tu."

Selina akamwambia yote: mpira wa fundi, Jumamosi iliyoahirishwa, hata yule mtu na kofia yake. Obedi alisikiliza akiuangalia udongo. Hakucheka, na hilo Selina hajalisahau.

"Jinja wana ubao wao," alisema mwishoni. "Wanaangalia huo. Na sasa hivi wanaachia maji mengi sana, mama. Mvua ndiyo imewazidi. Hata ungeandika kumi, wasingeona."

"Namba zangu haziendi huko?"

"Zinaenda kwenye kitabu."

"Miaka yote hii? Sasa tunasoma ya nini, Obedi?"

"Ili ijulikane ziwa lilikuwa wapi siku ile. Asiposoma mtu, hakuna atakayejua."

Jioni ile Selina alimfuata Ndalahwa, akamwambia alivyofanya. Ndalahwa akachukua jembe, wakashuka wote wawili, akachimba hatua moja kutoka kaburini kujaribu ardhi. Shimo halijafika magotini likajaa maji. Akachimba upande wa pili, likajaa. Ndalahwa akaliegemea jembe.

"Sikukuuliza mara mbili, shemeji," alisema. "Kwa sababu ni wewe."

Afadhali angemtukana. Selina alirudi nyumbani akijua kwamba Jumamosi ile kaburi lingeweza bado kufukuliwa, na kwamba yeye ndiye aliyeipoteza.

Siku nne baadaye, saa tatu asubuhi, alisimama mbele ya ubao. Alijaribu kumwita mtu wa Jinja, akaona kofia tu na kikombe, hakuna mtu. Wimbi likapanda, akashika namba. Likashuka, akashika namba. Nyuma yake maji yalikuwa yanalamba udongo wa kaburi, taratibu, bila chuki. Angeweza kuandika themanini na tisa, nani angejua? Aliandika 3.90. Akamtumia Obedi: "3.90. Hii ni ya kweli. Maji yamemfikia Luhende."

Kwa kawaida Obedi hujibu neno moja, asante. Leo simu ilitetemeka mkononi na maneno manne.

"Pole sana, mama. Nimeiandika."

Selina alikaa chini, maji yakamlowesha sketi, akalia kwa sauti mchana kweupe, mpaka wanawake waliokuwa wanafua wakaacha nguo zao wakaja kumshika. Walimpeleka nyumbani, wakamfunika khanga, wakakaa naye.

Saa tisa alasiri aliitoa khanga, akachukua daftari, akashuka. Mita tatu na sentimita tisini na moja.