Tofali la Masjala

Ofisini tulimwita Mama Tofali, na tulijiona wacheshi kweli. Alikuwa karani wa masjala, chumba kisicho na dirisha chenye rafu za chuma zilizojaa majalada hadi darini. Mlango wake ulikuwa na springi, ukiuachia unajifunga. Kila asubuhi, kabla hajaweka mkoba chini, aliuzuia kwa tofali. Hapo hakuna aliyemfikia kwa kazi: ulitaja jina, jalada likaja kabla hujamaliza kukohoa. Mlango ukijifunga tu, moyo ulimwenda mbio, viganja vikalowa, pumzi zikamkatika, akaamini kabisa kwamba anakufa.

Sisi mabingwa wa maradhi ya wenzetu hatukukosa la kusema. Mhasibu alisema anadeka. Mume wa Mama Tofali, alipokuja kumchukua siku moja, alitupa na ya nyumbani: "Huyu hata bafuni hafungi mlango." Akacheka. Mimi, mpiga chapa, nikacheka naye, na hadi leo najidharau kwa kicheko kile.

Kisha akaja bosi mpya, kola ngumu, akili laini. Akaisoma kanuni iliyobandikwa ukutani, kwamba masjala ifungwe wakati wote, akampa Mama Tofali siku mbili: azoee, au aandike barua ya kuacha kazi.

"Bosi, niachie hata nusu," Mama Tofali alimwomba. "Kazi hii ndiyo ninayoijua. Mlango ukifungwa siwezi."

"Dawa ya moto ni moto, mama."

Siku ya tatu, Mama Tofali akiwa ndani, bosi alilipiga tofali teke, akauvuta mlango yeye mwenyewe na kugeuza ufunguo. Tulisimama nje watu sita wazima, wenye vyeti vyetu. Tulimsikia akigonga, kisha akimwita marehemu mama yake. Kisha akanyamaza, na hapo ndipo vicheko vilipokwisha. Hakuna aliyesema fungua. Dakika nne baadaye tulimkuta sakafuni, kiatu kimoja kimemtoka, gauni limelowa.

"Umeona?" bosi alisema. "Hujafa."

Nilidhani hatarudi. Kesho yake alikuja na kigoda, akaketi nje ya mlango, tofali miguuni.

"Humo siingii tena, bosi. Ukitaka jalada, nitakuelekeza lilipo."

Bosi akaniita niandike barua ya kumfukuza. Nilikuwa mstari wa pili wageni wa makao makuu walipofika wakitaka majalada matatu, mara moja. Lebo za rafu zilikuwa zimefutika zamani. Mpangilio wote ulikuwa kichwani mwa Mama Tofali, na miaka yote hiyo hakuna kati yetu aliyejisumbua kuuandika. Bosi alitutazama mmoja mmoja. Ghafla kila mtu akawa na kazi nyingi, kwa hiyo akaingia mwenyewe.

"Rafu ya saba," Mama Tofali alimwelekeza kutoka kigodani. "Mkono wa kushoto. Chini kabisa, nyuma ya lile lenye kamba."

Springi ikaanza kuuvuta mlango. Kutoka ndani sauti ya bosi ilitoka nyembamba, sikuwahi kuisikia hivyo.

"Mama. Mlango. Usiache ujifunge."

Mimi ningeuacha ujifunge, tena ningemhesabia hizo dakika nne kwa saa yake mwenyewe. Mama Tofali alilisukuma tofali kwa mguu, mlango ukasimama.

"Uko wazi, bosi," alisema. "Tafuta taratibu."

Bosi alitoka na vumbi hadi kwenye nyusi, majalada kifuani, bila kumtazama mtu. Barua ilikuwa bado kwenye mashine yangu. Hakuiulizia tena, na mimi sikumkumbusha.