Nilikikataza Kidonda Changu Kupona

Makosa ni yangu. Nayasema mapema ili msije mkanihurumia kwa sababu ya mguu. Mguu wenyewe ni huu wa kushoto, una kovu refu kama mjusi aliyelala, na nusu ya kovu hilo nimelichonga mwenyewe.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Naishi Manibe, nje kidogo ya mji wa Arua, na wote hapa wanajua kwamba ukitaka kuniona lazima uje wewe. Mke wangu ndiye anayetoka kwenda kuuza. Mimi nafuga kuku, nasikiliza redio, na nasoma kamusi ya Kiingereza niliyobaki nayo tangu sekondari, maana cheti chenyewe hakikunipeleka popote. Kwa hiyo wananiita Dikshonari. Jina hilo nilipewa na jirani yangu Onzima, na hakunipa kwa heshima.

Onzima alikuwa askari zamani. Mke wake ni Mkakwa wa Koboko, basi nyumbani kwao wanasema Kiswahili cha kambini, na sisi majirani tukiingia pale tunasema hicho hicho. Ana sauti ya kuita watu gwaride. Akipiga chafya kwake, kuku wangu wanaacha kula.

Siku moja alikuwa anakata matawi ya kalatusi kwenye mpaka wa viwanja vyetu. Tawi likaangukia banda langu la kuku. Nikatoka kwenda kulalamika. Ona bahati ya mtu asiyetoka! Nilimkaribia kwa nyuma, hakuniona, panga likateleza kwenye tawi likanichana muundi wa mguu.

Ilikuwa ajali, hilo nalikubali hata leo. Sikumchukia kwa panga. Nilimchukia kwa yaliyofuata.

Kesho yake alikwenda Onduparaka, kwenye kibanda wanapotazama mpira. Akasimama mbele ya watu akaigiza nilivyoanguka, miguu juu, nimeshika kofia. "Dikshonari ametoka inje mara moja tu," akasema, "dunia imemuuma." Watu walicheka mpaka goli likawapita. Nilijuaje? Mke wangu alikuwa mlangoni anauza mandazi. Alinisimulia yote, na wakati wa kusimulia akacheka tena, akajifanya ni kikohozi.

Sasa niwaeleze desturi yetu, maana ndiyo niliyoichezea. Kwetu mtu akimwaga damu ya jirani, hata kwa ajali, nyumba yake inakibeba kidonda hicho. Wanaleta chakula, wanaleta maji ya moto ya kuosha, mpaka ngozi ifunge. Wakubwa wa ukoo wakishaiona imefunga, mbuzi anachinjwa, nyumba mbili zinakula pamoja, yamekwisha. Lakini kabla ya mbuzi huyo, nyumba iliyomwaga damu haiozi binti wala haipokei ng'ombe wa mahari. Kidonda changu kikiwa wazi, lango lake limefungwa.

Na Onzima alikuwa na binti. Letaru alikuwa ameposwa na kijana wa Ludara, upande wa Koboko, na watu wa Ludara walikuwa wamekwisha kuchagua ng'ombe.

Mmeanza kuniona nilivyo.

Wakubwa walipokuja kusikiliza, Onzima alikaa amepanua magoti. "Hii ni kidonda kidogo," akasema. "Kuku yake inaumia zaidi kama anaichinja." Hakuomba radhi. Wakubwa wenyewe waliuma midomo wasicheke.

Mimi nilikuwa nimejiandaa na kamusi. Kamusi yangu ni ya aina inayoeleza neno limezaliwa wapi. Nilianza na *wound*, lakini hilo ni neno la nyama iliyofunguka tu, halina fitina. Nikalirudisha. Nilitaka lenye fitina, nikalipata: *injury*. Limetoka kwa Warumi wa kale. Kipande cha mbele ni "si", kipande cha nyuma ni "haki". Maana yake ya mwanzo haikuwa damu. Ilikuwa kudhulumiwa, kutukanwa, kuvunjiwa heshima mbele ya watu. Mambo ya nyama na mifupa yalijiunga baadaye, kama wageni wa arusi.

Nikawasomea wakubwa. Nikasema mguu utapona, lakini kile cha Onduparaka ndicho kidonda chenyewe, nacho kiponywe.

Mkubwa wao akanitazama kwa huruma. "Hao Warumi iko ukoo gani?"

"Walikufa zamani, mzee."

"Basi wasitusumbue. Sisi tunaangalia ngozi. Ngozi ikifunga, maneno yote imefunga."

Onzima akacheka kwa ile sauti yake. Nami moyoni nikasema: vizuri, ni ngozi mnayoitazama? Basi haitafunga.

Kumbe kidonda kinapenda kupona. Hilo sikulijua. Ukikiacha tu, kinajishona chenyewe kama mke mwema. Mimi nilikuwa nangoja kigaga kikauke, nakiinua kwa ukucha, natia majivu kidogo. Majivu yalipozoeleka, nikavaa gambuti, vile viatu virefu vya mpira, bila soksi, nikawa natembea ndani ya nyumba, kutoka kitandani mpaka dirishani, dirishani mpaka kitandani, huku nauma taulo. Sijawahi kutembea kiasi kile maishani. Mke wangu akiuliza kelele ni za nini, nasema panya.

Aliyekuwa akileta chakula ni Letaru. Asubuhi maji ya moto, mchana *enya*, ugali wetu wa muhogo na mtama, na mboga ya kunde, siku nyingine samaki wadogo wa mtoni. Alipiga magoti, akaniosha mguu polepole, akipuliza kama anapulizia mtoto uji. Na alinitania.

"Baba mudogo, hii mguu iko na kiburi kama mwenyewe."

"Ni mguu wa msomi," nikamwambia. "Haukubali haraka."

"Uambie ikubali. Ludara wananingoja."

Nilicheka naye. Wallahi nilicheka. Kisha alipovuka mpaka na sufuria yake, nikainama kutafuta gambuti.

Watu wa Ludara walikuja mara ya kwanza, wakaambiwa kidonda bado. Wakakubali, desturi ni desturi. Walipokuja tena, nilimwona Onzima kupitia dirisha langu. Alikuwa anawasindikiza barabarani, kofia mkononi, sauti imeshuka mpaka sikumsikia. Niseme kweli, maana ndiyo kazi ya ungamo: siku ile nilifurahi kuliko siku yangu ya arusi. Nilichinja kuku. Nilikula mapaja yote mawili.

Mke wangu akaweka sahani chini. "Unashangilia nini?"

"Nimepata hamu ya kula."

"Yule mtoto analia kule kisimani."

Nikamwambia watoto wa siku hizi wanalia ovyo. Na bado sikuacha. Nilitaka Onzima aje mwenyewe mlangoni kwangu, aseme lile neno. Neno moja tu, nisamehe, nami ningekiacha kidonda kifunge. Hakuja. Mimi nilikuwa nangoja atoke kwake, yeye alikuwa anangoja ngozi yangu. Kati yetu anapita msichana na maji ya moto.

Kisha ikaja habari kutoka Ludara. Kijana alikuwa tayari kuendelea kungoja, ila baba yake alikataa. Wamepeleka ng'ombe kwa watu wengine, huko huko Koboko.

Siku ile nilijua chakula hakiji. Nilikuwa hata nimeanza kumenya viazi. Lakini jua lilipopanda Letaru aliingia, akapiga magoti pale pale, akafungua kitambaa. Hakutania. Akasugua chini ya goti langu, mahali ambapo hakukuwa na kidonda, akaonyesha alama nyeusi ya mpira iliyozunguka mguu.

"Baba mudogo, mutu anashinda kitandani, gambuti inamukamata wapi?"

Kwa mguu wa kulia nikaisukuma gambuti chini ya kitanda.

"Baba yangu hajaambiwa," akasema. "Nikimuambia atakuua, watamufunga. Na mimi nitabaki bila bwana, bila baba." Akaosha mguu mpaka mwisho, akaufunga vizuri, akaondoka.

Kidonda kilipona chenyewe baada ya hapo. Hakikuchukua muda. Wakubwa wakaja, wakapapasa kovu, mbuzi akachinjwa. Onzima alikula vizuri sana, akanipiga mgongoni mbele ya watu. "Huyu jirani yangu iko na subira," akasema. "Mguu imeoza na hajanipeleka hata polisi." Hakuniomba radhi, na mpaka leo nikimsikia akicheka ng'ambo ya mpaka naongeza sauti ya redio. Sijatakasika, msinidhanie.

Kwa desturi, ini la mbuzi ni la aliyeumia. Letaru ndiye aliyeligawa. Aliniwekea lote kwenye sahani, akainama kwa heshima, akasema kwa sauti ambayo niliisikia mimi peke yangu: "Kula, baba mudogo. Umefanya kazi mingi."

Nililimaliza. Lilikuwa limeiva vizuri, na sijui nililimezaje.

Wewe unayesoma, kama una mtu wako amekuudhi, sikukatazi kukasirika, mimi ni nani? Nenda kwake mchana, mwambie usoni, mtukane ukishindwa, urudi nyumbani ulale. Ila usijifiche nyuma ya kidonda chako ukamngojea huko. Yeye hatapita. Atakayepita ni yule anayekuletea maji.